Jaketi Lililokuja Kunywa Chai

Usiku wa jana niliota nagongewa mlango. Rozari nilikuwa nimeshasali, taa nimeshazima, na mtu wa kunigongea saa zile huwa ni mgonjwa, au ni mlevi aliyekosea nyumba. Nikachungulia dirishani. Hakuwa mgonjwa wala mlevi. Lilikuwa jaketi la kujiokolea majini, la rangi ya chungwa, limesimama kizingitini likiwa bado ndani ya nailoni yake.

"Tumsifu Yesu Kristo," likasema.

"Milele, amina. Karibu ndani."

Nilijua linakotoka. Majaketi yale parokia ililetewa na wafadhili, yakafungiwa kwenye kabati la sakristia pamoja na kanzu za mapadre. Ufunguo nikapewa mimi, kwa kuwa ni mjane, sina safari, na kitu nikikitunza kinatunzika.

Kisiwani kwetu kila sikukuu ya mtakatifu somo wa parokia waumini huzunguka ghuba kwa mitumbwi usiku, mishumaa mikononi, na sanamu ya Mama Maria ikiwa kwenye mtumbwi wa mbele. Mwaka huu wa kuishika sanamu ni Editruda, binti yangu, mtoto pekee niliyejaliwa. Amezaliwa hatua chache kutoka majini, na kuogelea hajui. Anazama hata kwenye karai.

Kwenye kikao niliuliza kama majaketi yatatolewa. Mzee Masatu, katekista wetu na mwenyekiti wa maandamano, akanitazama kwa huruma.

"Paskazia, yale ni ya wageni. Siku Baba Askofu akija na watu wake tutawavalisha nini? Yaliyochakaa?"

Editruda naye akadakia, "Na sisi tumeshonesha vitenge vipya, mama. Nikivae kitenge, halafu nikifunike na lile godoro?"

Akina mama wakacheka. Jana, maandamano yakiwa ya kesho yake, nikauvaa ufunguo shingoni pamoja na rozari yangu, nikalala nao.

Basi jaketi likaingia, likaketi kwenye kiti cha marehemu mume wangu Magesa. Sikupenda, lakini mgeni hapangiwi kiti. Nikatoa kikombe kizuri, kile chenye ua jekundu.

"Kikombe kizuri," likasema jaketi. "Nani hukinywea?"

"Hakuna. Ni cha mgeni."

"Mgeni gani?"

"Hajafika."

"Alisema atakuja lini?"

Niliona hilo swali limepungukiwa adabu, nikamimina chai. Jaketi likainama kukitazama kikombe, halafu likanitazama mimi.

"Siwezi kunywa. Nimefungwa."

"Pole sana."

"Pole ya nini? Ufunguo unao wewe."

"Ufunguo ni wa kanisa."

"Na Editruda ni wa nani?"

Nikajifanya naitafuta sukari.

Nafungua kabati la vyombo. Sukari haimo. Ndani mna ziwa, lote, na usiku wake, na watu wa parokia wamejaa mwaloni, penye mitumbwi, na vitenge vyao vipya vya buluu. Nilichowaza ni sahani zangu tu, zimepelekwa wapi.

Mzee Masatu amesimama juu ya pipa na kipaza sauti.

"Wapendwa, sikilizeni sheria za usalama. Sheria ya kwanza, asiwepo wa kusimama!"

Watu wote wanakaa. Miti ya ufukweni inakaa. Mbuzi wa paroko, ambaye daima ni mbishi, anakaa. Mzee Masatu anageuka polepole, anauona mnara wa kanisa.

"Na wewe?"

"Mimi ni mnara," unasema mnara.

"Nimekuona. Kaa."

Mnara ukakunja miguu, ambayo tangu nibatizwe sikujua kama unayo, ukaketi. Kengele ikalia kidogo, kama bibi anayeketi na goti bovu.

"Sheria ya pili, njia ya maji iachwe wazi!"

Vijana wakaung'oa mlango wa ziwa kwenye bawaba zake, wakauegemeza ukuta wa shule. Sangara mkubwa akatoa kichwa pale palipokuwa mlango, akatutazama.

"Kuna msiba?" akauliza.

"Hapana. Ni sikukuu."

"Si mngesema mapema. Sasa sisi tuko hivi hivi." Akarudi ndani kwa hasira.

"Sheria ya tatu, na ndiyo kubwa," anasema Mzee Masatu. "Kila mmoja amwangalie jirani yake! Asipotee mtu!"

Shida ni kwamba waliitii.

Mitumbwi imeng'oa nanga. Nahodha anamwangalia mpiga kasia. Mpiga kasia anamwangalia mpiga ngoma. Mpiga ngoma anamwangalia nahodha, tena kwa bidii, hapepesi. Kwaya nzima wamekaziana macho wawili wawili kama watu wanaodaiana maelezo. Mishumaa inawaka, wimbo unapendeza, na katika mitumbwi yote hakuna hata jicho moja linaloangalia tunakokwenda.

Mimi nilikuwa kwenye mtumbwi wa pili. Jirani yangu alikuwa Magesa, na nafasi yake iko tupu ubavuni mwangu tangu presha ilipomchukua. Nikaiangalia hiyo nafasi, ili nami niwe nimetii. Ilikuwa imetulia. Hapakuwa na zaidi la kuangalia pale. Basi nikatazama mbele.

Mbele kulikuwa na Jiwe la Mkwe.

Jiwe hilo lipo kweli, katikati ya ghuba, na wazee waliliita hivyo ili watoto washike adabu yake. Mkwe humkaribii, humkazii macho, unampita mbali. Nalo hivyo hivyo, maana chini ya maji limepanuka kuliko linavyoonekana. Sasa mtumbwi wa sanamu ulikuwa unaliendea moja kwa moja, na Editruda wangu amekaa mbele kabisa, ameikumbatia sanamu, shingo ameigeuza kwa jirani yake Generoza. Generoza naye alikuwa anakagua mshono wa kitenge cha Editruda.

"Editruda!" nikaita.

"Mama, usinisumbue. Namwangalia jirani."

"Mbele yako kuna jiwe!"

"Sheria haikusema mbele."

"Aliyekuzaa ndiye anasema!"

"Mama, jamani, watu wanasikia."

Jiwe likakohoa. Likakohoa vile mkwe anavyokohoa akiwa uani, ili anayekuja ajue pana mtu.

"Mbona mnanijia usoni?" likauliza. "Nyie hamkufundwa?"

Aibu ikawashika wote mle mtumbwini. Wakafanya kile ambacho sisi tumefundishwa kufanya tukikutana na mkwe njiani. Waligeuza nyuso na kusogea pembeni. Ila walisogea wote pamoja, upande mmoja.

Mtumbwi ukalala ubavu. Maji yakaanza kuingia. Sitayasingizia, yaliingia kwa heshima. Yakifika penye kiti yanauliza, "Samahani, hapa pana mtu?" na yakiambiwa pana mtu yanakaa hivyo hivyo, mapajani.

Nikageuka. Kwenye nafasi ya Magesa sasa lilikuwa limekaa lile jaketi langu, limeshika kikombe chenye ua jekundu.

"Bado natunza?" nikaliuliza. Sijui kwa nini nililiuliza jaketi.

"Unatunza vizuri sana," likasema. "Mimi sina hata doa."

Nikauvua ufunguo shingoni. Kabati la sakristia lilikuwa palepale miguuni mwangu, limepanda mtumbwi bila mimi kulialika. Lakini kabla ya kulifungua nikalishika hilo jaketi mabegani, nikaipasua nailoni yake kwa meno. Ilitoa sauti kama kitambaa kizuri kinachochanika dukani, na moyo ukaniruka, maana mimi si mtu wa kuchana vitu. Jaketi likavuta pumzi. Likainywa chai yote kwa mkupuo mmoja, likanirudishia kikombe.

"Asante kwa chai. Sasa kazi."

Nafungua kabati. Wenzake wamepangwa humo, wamelala kimya katika nailoni.

"Tokeni! Watu wanazama!"

"Sisi ni wageni," yakajibu kwa pamoja. "Mgeni hajitokezi. Hukaribishwa."

"Karibuni!"

"Karibuni wapi? Tangu tufike hatujaonyeshwa hata kiti."

Ikabidi nikaribishe moja moja. Karibu. Karibu mwanangu. Karibu wewe na mwenzio, msijali, nyumba ni yenu. Kila karibu moja, nailoni moja chini. Meno yakaniuma. Yakitoka yananishukuru, yanaruka juu ya maji kuelekea mtumbwi wa mbele. Moja la mwisho likaninong'oneza, "Kukaa na kanzu ni kazi, mama. Haziongei kabisa."

Yakafika. Yakasimama mbele ya akina mama, kila moja limefungua mikono. Na akina mama, maji yakiwa kiunoni, wakaanza kutazamana.

"Chungwa na buluu?" akasema Generoza. "Haviendani."

"Nimemlilia fundi mpaka akanishonea hii mikono," akasema Editruda. "Itaonekanaje?"

Na kutoka mwaloni kikafoka kipaza sauti. "Paskazia! Hayo ni ya Baba Askofu!"

Niliyaokota maneno ya Salamu Maria nikayakosa mpangilio, mwisho mwanzo, katikati mwisho, nikayasema vile vile yalivyokuja.

Lile jaketi langu, lililokunywa chai, likawapita wote. Likaenda hadi kwa sanamu, likapiga goti, likaomba ruhusa. Sanamu haikusema neno, na mimi sitaongeza ambacho sikukisikia. Iliinua tu mikono yake kidogo, kama mtoto anayevalishwa asubuhi. Jaketi likapanda juu ya joho lake, likajifunga kifuani, kamba ya kwanza, kamba ya pili. Lilimkaa.

Hata maji yaliacha kuuliza viti.

"Mama Maria kavaa," akasema Editruda.

"Basi mimi ni nani?" akasema Generoza. "Leta hilo!"

"Ni langu, nimeliona kwanza!"

"Wewe mwembamba, chukua lile dogo!"

Yalivaliwa kwa kugombewa, kama pilau la harusi. Editruda wangu nikamwona anafunga kamba kifuani, anakosea, Generoza anamfungulia na kumfunga upya. Na kipaza sauti kikasema kwa upole mpya kabisa, "Paskazia, dada yangu, kama limebaki moja, mimi navaa kubwa."

Hapo ndipo mtumbwi ulipopinduka. Ulipinduka taratibu, kama mtu anayegeuza mkeka juani. Wote wakaingia majini, sanamu, kwaya, ngoma na mpigaji wake.

Na wote wakarudi juu.

Walielea kila upande wa jiwe kama machungwa kwenye ndoo. Mishumaa haikuzimika, na kwaya iliendelea na ubeti wa tatu, maana ndipo walipokuwa wamefikia. Niliwatazama mmoja baada ya mwingine mpaka nikawamaliza. Hakuna aliyepungua. Nikaishusha pumzi ambayo nadhani nilikuwa nimeibana tangu siku ya kikao. Ilikuwa ndefu, ikawasukuma kidogo kuelekea ufukweni.

Editruda akanijia juu ya maji, kitenge kimetanuka kumzunguka kama ua, mikono yake ya fundi inaonekana yote. Alikuwa anacheka.

"Mama, kumbe godoro linaelea!"

"Linaelea, mwanangu. Kaa hapo hapo, usiguse kamba."

"Haya, hivyo ndiyo vizuri," likasema Jiwe la Mkwe, likikunja shuka lake. "Wasalimieni kwenu. Na mwakani mpite mbali."

Nikaamka.

Kulikuwa kumeshapambazuka. Jogoo wa jirani alikuwa analia kama kawaida yake, amechelewa. Nikajishika shingoni, ufunguo upo, mkavu. Nikamsikia Editruda anafagia sebuleni na kuuimba ule ubeti wa tatu, na machozi yakanitoka kitandani. Maandamano ni leo usiku. Ni leo usiku, bado hayajafanyika, na mwanangu anafagia.

Nilipiga magoti. Sikuomba kitu. Nilishukuru tu, nikashukuru tena.

Ufagio ukanyamaza.

"Mama! Nani kakinywea kikombe cha mgeni?"

Nikatoka. Kikombe chenye ua jekundu kilikuwa juu ya meza, mbele ya kiti cha Magesa. Kitupu, majani ya chai yamebaki chini. Nikakishika. Kilikuwa bado na uvuguvugu, na ukingoni umenata uzi mmoja wa rangi ya chungwa.

Editruda alisimama na ufagio wake, ananitazama mimi, anakitazama kikombe. Maisha yake yote hajaruhusiwa kukigusa.

"Usiku alikuja nani, mama?"

"Mgeni."

"Mgeni gani? Si kila siku unasema hajafika?"

Nikauvua ufunguo shingoni.

"Amefika. Vaa kandambili zako twende sakristia, kabla Mzee Masatu hajaamka."