Kopo la Maganda la Orville

Nimeuza bunduki hapa Barlow Fork miaka thelathini na moja. Kila anayekuja kutafuta bunduki ya kujifurahisha, ya kulengea makopo na mabamba ya chuma siku ya Jumamosi, namkatiza kabla hajaigusa hata moja. Namwambia achague risasi kwanza. Bunduki utainunua mara moja, risasi utazinunua maisha yako yote. Kisha namwonyesha ile ndogo ya kipimo cha ishirini na mbili, ambayo boksi la risasi mia tano halizidi dola arobaini, halafu lile dubwana la kuwindia kwenye milima ya magharibi, ambalo kila ukifyatua dola nne zimekwenda. Wengi huondoka na ile ndogo, na hurudi kila mwezi kununua risasi na kunilalamikia bei. Malalamiko hayo ndiyo yaliyonisomeshea watoto.

Maneno hayo si yangu. Ni ya Orville Kessinger, aliyekuwa fundi wa mitambo mgodini mpaka mgodi ulipofungwa, rafiki yangu tangu sote tulipokuwa na nywele. Mkono wake ni wa birika kweli kweli. Kwenye uwanja wetu wa shabaha alikuwa wa mwisho kuondoka, kwa sababu aliinama kuokota maganda ya risasi, yake na ya wenzake, akiyatia kwenye kopo la kahawa. Nyumbani aliyasafisha, akayajaza baruti, akayapachika vichwa vipya, na Jumamosi iliyofuata akayapiga tena. Ganda moja alilipiga mara tisa, kila mara akilichonga alama kwa tupa, na aliwaonyesha watu kama picha ya mjukuu. Mkewe, Maxine, alikuwa akisema kwamba siku atakayokufa Orville atauliza kama jeneza linaweza kutumika tena.

Maxine alifariki Februari, baada ya kuugua miaka miwili. Bunduki za Orville zilikuwa zimekwisha kuuzwa kwa ajili ya dawa, moja baada ya nyingine, na mnunuzi nilikuwa mimi. Jeneza alilichukua la bei kubwa kuliko yote, bila kuuliza bei. Hapo ndipo nilipopaswa kuanza kuogopa, lakini sikuogopa. Nilidhani ni mapenzi tu.

Na sikuwa na udhuru, kwa maana nilikuwa nimekwisha kufunzwa. Oktoba iliyotangulia alikuja Curtis Lilly, mwalimu wa hesabu, akachagua bunduki kwa dakika kumi. Nilipoanza hotuba yangu alinikatiza kwa upole, akasema bei ya risasi si shida. Akanunua boksi dogo kuliko yote. Jioni nilimwambia mke wangu kuwa leo nimepata mteja mstaarabu, asiyenung'unika. Siku ya tatu akaja afisa wa sherifu kuniambia Curtis amejiua, akaniuliza nilimuuzia lini. Mwenye nia ya kujifurahisha lazima aulize risasi zitamgharimu kiasi gani, kwa sababu ana Jumamosi nyingi mbele yake. Curtis hakuwa na hata moja, na mimi nilikuwa nimefurahi.

Orville aliingia Jumanne moja ya Aprili, asubuhi, mvua inanyesha. Nilifurahi kumwona. Aliweka lile kopo la kahawa juu ya kaunta, akasema ameniletea maganda yake, nichukue yote. Nikamuuliza yeye atapiga nini. Akasema amechoka kuinama. Halafu akasema anataka bunduki, ya kuchezea tu.

Nikaanza hotuba, kwa utani, nikingoja animalizie kama siku zote. Nikasema bunduki utainunua mara moja, nikanyamaza. Hakumalizia. Alikuwa akitazama ukutani, kwenye lile dubwana.

"Nipe hiyo."

"Hiyo ni dola nne kwa kila risasi, we mzee."

"Sijakuuliza."

Akavuta fomu ya ununuzi, akachukua kalamu. Aliandika jina lake kwa mwandiko mzuri kuliko kawaida yake. Kisha akauliza, bila kuinua uso, kama naweza kufungua boksi nimuuzie risasi mbili tatu tu. Nikatazama ndani ya kopo, na juu kabisa nikaliona lile ganda lenye alama tisa. Mtu ananunua bunduki huku anagawa maganda yake.

Nikaitoa kalamu mkononi mwake. "Sikuuzii, Orville."

"Pesa yangu ina ubaya gani?"

"Haina ubaya. Unataka kujiua?"

Aliponitazama, macho yake yalikuwa makavu kabisa.

"Curtis ulimuuzia," alisema. "Hukumuuliza kitu. Mimi ndugu yako ndiye unayemfanyia ujeuri."

"Ndiyo maana," nikasema.

Alinitukana matusi ambayo sitayaandika, na mengine yalikuwa ya kweli. Akatoka, akaliacha kopo. Pikapu yake haikuelekea kwake. Ilipinda kushoto, barabara ya kwa Glenna Stump, mwenye duka jingine la bunduki, maili ishirini na nane kutoka hapa. Mimi na Glenna hatukuwa tumesemezana miaka sita kwa sababu ya kugombea meza kwenye maonyesho ya bunduki. Nikampigia simu.

"Orville Kessinger anakuja kwako," nikamwambia. "Usimuuzie kitu, nakuomba."

Hakuuliza kwa nini. Alisema, "Sawa, Wendell," akakata.

Kisha nikampigia Renee, binti yake Orville, aliyeko Columbus. Nikafunga duka, nikaenda kukaa kwenye ngazi za nyumba ya baba yake. Baada ya saa moja na nusu pikapu ilirudi. Alishuka mikono mitupu, akanipita kama anapita gogo, akafunga mlango kwa ndani. Niliongea na ule mlango habari za bei ya baruti. Nilisema baruti imepanda, vichwa vimepanda, wauzaji wa jumla ni wezi. Nililowa mpaka kwenye soksi. Mara moja tu alinijibu, kwa sauti ya karibu sana, kama aliyekaa sakafuni upande wa pili.

"Nenda kwako, bwana."

Sikwenda. Renee alifika alasiri, akampeleka Columbus kwa daktari, akakaa naye kule mpaka majira ya joto yakaisha. Niliandika barua tatu. Hakuna iliyojibiwa. Aliporudi, tulikutana mara mbili mbele ya posta, na mara zote mbili alinigeuzia mgongo. Iliniuma, siwezi kusema haikuniuma. Mke wangu aliniambia anayekugeuzia mgongo yu hai, na hilo ndilo nililokuwa nikilalia.

Oktoba aliingia dukani, amekonda, koti limemzidi. Hakunisalimu. Kopo lilikuwa bado pale pale juu ya kaunta. Alilivuta, akamwaga maganda yote, akaanza kuyahesabu moja moja huku midomo ikicheza. Nilisimama mbele yake kama mwizi.

"Mia mbili na kumi na moja," alisema. "Yalikuwa mia mbili na kumi na mbili."

Nikatia mkono mfukoni. Lile ganda lenye alama tisa nilikuwa nimetembea nalo tangu Aprili. Nikaliweka mbele yake. Akaligeuza, akazikagua alama zake, akalitia kwenye kopo pamoja na mengine, akafunga kifuniko. Hakusema asante na sikuitaka.

Mlangoni alisimama, mgongo kwangu.

"Baruti siku hizi bei gani?"

Nikamtajia.

"Wizi mtupu," akasema, akaenda zake na kopo lake kwapani.

Nilikaa chini nyuma ya kaunta, nikalia mpaka mteja mwingine alipoingia.