Mkanda wa Fisi

Fisi ni wangu. Nasema mapema kwa sababu ukifika Ihanja utaambiwa tu, na watakuongezea chumvi.

Mwaka 1994 nilikuwa na duka dogo kando ya barabara kuu. Ilikuwa miaka ya ruksa: Dar es Salaam kila kitu kilipatikana, kazi ilikuwa kukifikisha kwetu. Nami nilikuwa naoa. Kaka yangu aliyekuwa huko Dar alinitumia viatu vya harusi kwa basi, vikapotea. Akatuma suti, ikapotea. Likabaki gauni la mchumba wangu Yustina, na zilibaki siku tisa. Kila nilipomuuliza kondakta, alijibu, "Nimempa mwenyewe." Nilimtukana kwa moyo wote, maana mwenyewe si ndiye mimi?

Rafiki yangu Simeoni alikuwa ameajiriwa na mtafiti mmoja kufuatilia fisi porini. Fisi alivishwa mkanda wa betri shingoni, na Simeoni alitembea na redio na antena. Akielekea aliko mnyama, redio inalia: ti, ti, ti. Mkanda wa akiba ulikuwepo. Nilimwomba, akagoma. Nikamnunulia nyama choma, akalainika. Akaenda Singida mjini, akalipokea gauni, akaufunga mkanda humo humo ndani ya kifurushi, kisha akakipakia kwenye basi la kuja Ihanja. Angeweza kulibeba tu mkononi akaniletea. Hilo tulilifikiria baadaye.

Basi lilisimama mbele ya duka saa nne asubuhi. Nilijifungia dukani ili mwizi asinione akaogopa. Nilipofungua, basi limeshaondoka na kifurushi hakipo.

Simeoni alishuka kwenye basi lililofuata, akashika antena, mimi nikashika redio. Ilikuwa na stesheni mbili: ya kwanza ya kifurushi, ya pili ya fisi. Ya kwanza ilikwaruza kidogo, kwa hiyo nilifanya anachofanya kila mtu mwenye redio: nilitafuta inayosikika vizuri. Simeoni alikuwa mbele na antena yake, hakuniona.

Tukakimbilia mlimani. Watu walipoona wanaume wawili wakikimbia na vyuma wakajua kuna mwizi, na mwizi hafuatwi na wawili. Tulipofika kwenye mawe makubwa tulikuwa kama arobaini, wana marungu, na mbele yao Mzee Mughwai, baba yake Yustina.

Chini ya jiwe alilala fisi, tumbo limejaa, mkanda shingoni.

Mzee Mughwai akanigeukia.

"Shikamoo, baba," nikasema. Sijui kwa nini, tulikuwa tumeshaamkiana.

"Marahaba. Melkizedeki, ng'ombe mwenye kengele shingoni ana mwenyewe, hana?"

"Anaye, baba."

"Na kengele ya huyu inalia mkononi mwa nani?"

Nikaitazama redio. Ti, ti, ti.

Kesi ikaishia hapo. Kwetu mnyama havai kitu shingoni bila mtu kumvisha, na mtu mwenye fisi ni mchawi, kila mtoto anajua anampanda usiku kwenda wapi. Simeoni akaanza kueleza habari za utafiti. Wakamwambia anyamaze, yeye ni mchungaji tu, hawana ugomvi naye.

"Sina binti wa kumpa mwenye fisi," alisema Mzee Mughwai. "Harusi hakuna."

Niliumia mpaka masikio yakaziba. Nilimpenda Yustina tangu akiuza karanga pale pale mabasi yanaposimama. Nikawaza: nikimpata mwizi na ule mkanda mwingine, wataona ni kifaa tu, na mke wangu nitampata. Nikamnyang'anya Simeoni antena, nikarudi peke yangu mbio mbio, nikazungusha kitufe kwenye stesheni ya kwanza. Mlio ukanipitisha dukani kwangu, ukanipitisha kanisani, ukanifikisha nyuma ya jiko la Mzee Mughwai. Yustina alikuwa anapepeta mtama.

Redio ililia kwa nguvu mbele ya kihenge cha nafaka. Nikachungulia. Vifurushi vitatu, kamba hazijaguswa.

"Hata gauni hukulitazama?" nikamuuliza.

"Nilimwambia kondakta mimi ni mchumba wako, akanipa." Hakuacha kupepeta. "Baba alikukubali kabla sijaulizwa, Melki. Nikaona nguo zisipofika mtaahirisha, mtaahirisha, mpaka mchoke. Wewe ni mtu mzuri. Mimi sitaki tu."

Sijawahi kusikia neno jepesi likiniangukia zito vile. Na huku nje sauti zilikuwa zimeshafika, watu wanarudi kutoka mlimani.

"Yustina!" aliita Mzee Mughwai. "Nini hicho kinacholia nyumbani kwangu?"

Yustina aliacha ungo. Ningefunua kihenge tu, ningesafika mbele ya kijiji kizima, na baba yake, kwa aibu, angenipa awe mke wangu siku hiyo hiyo.

Nikazungusha kitufe. Mlio ukawa mdogo, wa mbali, wa mlimani.

"Ni fisi wangu, baba," nikasema. "Ananiita."