Mtoto Aliyeitwa Lavishi

Asubuhi moja ya mwaka 1935, ukungu ulikuwa umelala juu ya majani ya chai bila kutikisika. Adoyo, mwenye mimba ya miezi saba, alikuwa akianika shuka nyuma ya nyumba ya meneja, huko Kericho. Jua likaupasua. Kilima chote kikawaka kijani, na waridi za bustani zikatokea moja moja, kama zinazoamka. Memsabu, mke wa meneja, alitoka barazani na kikombe chake, akatazama. Kisha akasema polepole, "Lavishi."

"Unasema nini, memsabu?" Adoyo akauliza.

Mama yule alinyoosha mkono akaonyesha waridi, kilima, na mbingu. "Hii yote," akajibu kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Hii yote, lavishi."

Neno likakaa kinywani mwa Adoyo. Alilitamka akipiga pasi, akalitamka akienda mtoni, na mtoto akageuka tumboni kana kwamba ameitwa.

Msichana alipozaliwa, Obonyo, mumewe, aliyefanya kazi ya kukausha chai kiwandani, alisema, "Tumwite Ajwang." Kwao ziwani jina hilo ni la kitu kilichotupwa. Mtoto hupewa jina kama hilo ndugu zake wakifa, ili kifo kimdharau, kimpite. Nao walikuwa wamezika wawili.

"Ataitwa Lavishi," Adoyo akasema.

Hawakusikizana, wakaenda kwa mwalimu Mogaka, Mkisii aliyefundisha dini kwenye kambi ya wafanyakazi na aliyekuwa na kamusi ya Kiingereza. Mogaka alifunua kurasa, akasoma, akakunja uso.

"Ni kutumia kupita kiasi," alisema. "Mpishi akimaliza siagi ya wiki nzima kwa mlo mmoja, huyo ni lavishi."

"Umesikia?" Obonyo akamgeukia mkewe. "Unataka kumwita mtoto ufujaji!"

"Ngoja, ndugu yangu. Pia ni kutoa bila kupima. Ukimtembelea mtu, akupe chakula mpaka ushindwe kubeba, huyo naye ni lavishi. Neno ni hilo hilo. Inategemea umeliweka wapi."

Adoyo alimtazama mtoto mapajani. "Mwalimu, wa kwanza nilimpenda kwa hofu. Wa pili tulimwita Ojwang, jina hilo hilo kwa mvulana, na mimi nikajizuia hata kumwimbia, kifo kisije kikasikia. Akafa hivyo, bila kusikia wimbo wangu." Akamvuta mtoto kifuani. "Huyu sitampimia."

Jumapili Mogaka akambatiza mtoto kwa jina la Lavishi, lakini nyumbani baba yake alimwita "huyu mtoto" tu.

Alipofika miaka miwili, surua ikamshika. Alfajiri Obonyo alimfunga kwa blanketi akambeba kuelekea zahanati ya misheni, ng'ambo ya bonde, Adoyo akifuata nyuma. Ukungu ulikuwa mzito, njia ikapotea miguuni mwao. Walitembea kama watu waliolala, chai kila upande, weupe juu na weupe chini. Kichwa cha mtoto kikalegea.

"Mwite!" Adoyo akalia. "Mwite jina lake, asituache!"

Obonyo akafungua kinywa, na mwanzoni kikatoka kinong'ono. "Lavishi." Kisha kwa nguvu. Kisha akapaza sauti yote aliyokuwa nayo kifuani, "Lavishi! Lavishi!"

Ukungu ukajibu. Wachumaji chai wa Kikipsigis walikuwa humo kwenye safu zao, hawaonekani, na walidhani mtoto amepotea. Wakaanza kumwita nao, kwa matamshi yao, "Lapishi! Lapishi!" Sauti zikatoka juu, chini, mbali kabisa, mpaka ikawa kana kwamba kilima chenyewe kinamtafuta. Mtoto akafumbua macho, akageuza uso kuwasikiliza. Mzee mmoja akajitokeza na kikapu mgongoni, akawaona, akaelewa. Akawatangulia mpaka kwenye daraja la kuvukia bonde.

Homa ilikaa siku tano. Siku ya sita Lavishi akaomba uji. Obonyo alimlisha mwenyewe, kijiko kwa kijiko, machozi yakimdondoka kwenye bakuli. Dresa, mhudumu wa zahanati, akapita, akasema, "Baba, inatosha sasa."

Obonyo akachota kijiko kingine.