Dakika Saba za Kung'arisha

Fundi wa meno ya bandia alitoa jino la shangazi yake tanurini saa nne asubuhi. Lilikuwa la kauri ya kioo, laini hata ulimi ungeteleza. Alikuwa ameliimbia tangu alipoanza kulichonga, kwa sababu chumba chake cha nyuma hakikuwa na redio.

Chumba cha mbele, daktari wa meno alilibandika, akamwambia shangazi aume karatasi ya bluu ya kupimia urefu, akaona limezidi kidogo, akalisaga. Vumbi jeupe liliruka na mng'ao ukaondoka nalo. Kulirudishia ulaini huchukua dakika saba.

"Tayari, mama. Anayefuata!"

Shangazi alipouma, jino lilianza kuimba ubeti wa pili kwa sauti ya fundi.

Hakuna aliyeshtuka. Jino lililosagwa bila kung'arishwa lilitoa wimbo wake, na wagonjwa wa daktari huyo waliimba mji mzima. Karani wa posta aliimba kila akitafuna karanga, na mke na mume waliotibiwa wiki moja walipokezana kiitikio mezani, wao ambao hawakuwa wakisemeshana. Fundi, asiyejulikana hata sura, alisikia sauti yake kila kona, na furaha yake usiseme.

Lakini jino lililokwaruzwa ni msasa, hula lile linalokutana nalo. Na chini, upande huo, shangazi alibakiwa na jino moja tu. Fundi alikuwa amemsihi daktari mara nyingi amletee wagonjwa awang'arishie.

"Mtu ameshaanza kuimba," daktari humjibu, "unataka nini tena?"

Basi alimvuta shangazi chumba cha nyuma.

"Shangazi, nikung'arishie. Ila litanyamaza."

"Linyamaze? Utamu wote huu? Na wewe mwenyewe nyumbani ni bubu mtupu!"

"Nitakuimbia mimi."

"Lini?"

"Sasa hivi."

Shangazi alipanua kinywa. Fundi alizungusha kigurudumu cha mpira cha kung'arishia juu ya jino dakika saba, akiimba kwa sauti yote, na shangazi, mdomo wazi, akaitikia "aa, aa" kila mahali pake. Wimbo wa jinoni ulififia, ukaisha. Shangazi alipitisha ulimi.

"Mtelezo mtupu, mwanangu! Haya, endelea kuimba, hujamaliza."

Wakacheka mpaka machozi, kisha fundi akaendelea.

Nyuma ya ukuta daktari aliita, "Anayefuata!" Mashine ya kusagia ililia, ikanyamaza, na fundi akasikia sauti yake ikianza ubeti wa kwanza kinywani mwa mtu mwingine.