Jibu la Swali la Kumi na Moja

Katibu wa kanisa letu hapa Rosettenville, Johannesburg, Mzee Ignace, ni mtu mzuri sana akiwa amelala. Akiamka hushika kalamu, na akishika kalamu hakuna anayesalimika. Mwezi wa tano mwaka 2018 alikuja mpaka kwenye meza yangu ya cherehani na orodha ya wazee waliokuwa wanatimiza miaka sabini. Kila mwaka, Jumapili ya shukrani ya mwezi wa nane, wazee hao husimama mbele ya kanisa zima. Mmoja mmoja hutaja jina lake, jina la baba yake na kwao. Tunapiga vigelegele, tunakula wali, tunarudi nyumbani tumeshiba ukoo.

"Mama Kaliopi tumuandike binti ya nani?" aliuliza, na jibu analijua.

Mama, Kaliopi mwenyewe, alikuwa amekaa pembeni yangu anafumua sketi ya mteja. Hakuinua kichwa.

"Basi minaandika binti Mizani," Ignace akajijibu, akacheka mpaka tumbo likatikisa meza. "Ao tuseme binti Samaki?"

Ignace ni mtu wa Kasenga kama sisi, kwa hiyo utani ule ulikuwa wa nyumbani. Lakini utani wa nyumbani ndio wenye miiba mirefu.

Mama alizaliwa Kasenga, Kongo, ukingoni mwa mto Luapula, mwaka 1948. Mama yake, Mwape, alikuwa anakausha samaki. Baba yake alikuwa Mgiriki mnunuzi wa samaki, na kwa kuwa alitembea na mizani begani kama mwanamke na mtoto wake, watu walimwita Bwana Mizani. Mama hajatimiza miaka minne, Bwana Mizani akaondoka kwenda Johannesburg kutafuta mahali, akasema atarudi. Hakurudi. Mwape akafa kwa homa Mama akiwa na miaka kumi, na hakuna aliyebaki wa kusema yule mtu aliitwa nani hasa. Mama akabaki na rangi ya mandazi, masikio makubwa kama ya sufuria, jina la Kaliopi ambalo wenzake walisema ni la dawa ya kikohozi, na kitabu cha sensa cha enzi za Mbelgiji. Ndani ya kitabu hicho, mbele ya jina lake, karani aliandika: *Baba: hajulikani.*

Alizaa, akazika mume, akanifuata mpaka Afrika Kusini, na kile kitabu kiko ndani ya mkoba.

"Sitasimama," Mama alisema Ignace alipoondoka. "Kama baba yangu alinikana, niambiwe alinikana, nikae chini na roho baridi. Kama hakunikana, nitasimama hata kwa mguu moja. Lakini kusimama mbele ya batu nikiwa 'hajulikani', hapana."

"Mama, mimi nitamtafuta."

"Weye? Unapoteza sindano kila siku, utapata Mugiriki?"

Alinidharau, lakini mimi makaratasi siyaogopi. Niliingia nchi hii mwaka 2004 nikapewa kibali cha mkimbizi anayesubiri jibu, cha miezi sita, na tangu hapo nakifanya upya kila miezi sita. Jibu lenyewe bado linakuja kwa miguu. Cherehani yangu ya kwanza ilichomwa mwaka 2008 na watu ambao nilikuwa nimewashonea suruali, na nilimwona mmoja akikimbia nayo imemkaa vizuri kabisa. Mtu aliyefunzwa na haya yote atashindwa na faili?

Mteja wangu mmoja, Monicah, ni Mkenya anayefundisha historia chuo kikuu. Alikuja kujaribu gauni, nikamweleza huku pini ziko mdomoni.

"Aki, si ungeniambia mapema?" akasema. "Sensa za hapa hazitatusaidia, hawakuhifadhi karatasi zenye majina ya watu. Lakini kila mgeni aliyeomba ukazi aliandikiwa faili. Jumatano twende Pretoria."

Tukaenda kwenye nyumba ya kumbukumbu za serikali. Chumba kimya, watu wamevaa miwani, kila mmoja ameinamia marehemu wake. Nikamwendea mhudumu kwa kujiamini, nikamwandikia jina kwenye karatasi. Alitafuta kwenye kompyuta, akatafuta kwenye kadi, akarudi akitikisa kichwa.

Monicah akachungulia. "Umeandika nini? *Mister Mizani?*"

"Ndilo jina lake."

"Angélique! Umemfuata babu mpaka Pretoria na jina la utani?"

Kweli tupu, haikuwahi kuniingia akilini. Kwetu kila mzungu alipewa jina, na jina likishamkaa ndilo lake, tunamzikia nalo. Lakini mpakani alisema jina jingine. Ni kama mjukuu wangu aje kunitafuta kwenye vitabu vya serikali kwa jina la Mama Sketi. Monicah alicheka kwa kujiziba mdomo na gauni lake jipya. Nikamwambia akichana ushonaji wangu, safari hii simrekebishii.

Tulirudi na kitu kimoja tu: orodha ya Wagiriki waliotokea Kongo kati ya mwaka 1951 na 1953. Walikuwa sitini na wanane. Majina yote marefu kama treni ya mizigo, na hatukujua tushuke behewa gani.

Mzee Thanasis, Mgiriki, nilimpata kwa sababu ya mkate. Ana kafe ya kona kule Turffontein, karibu na uwanja wa mbio za farasi, na kwa miaka sita nilinunua kwake kwa Kiingereza cha kuonyesha kidole. Siku hiyo niko kwenye simu na Mama, namlalamikia kwa sauti: "Huyu mzee wa duka, Mama, mkate wa jana anauita wa leo, na pua yake ile!"

Nyuma ya kaunta sauti ikasema taratibu: "Ya leo iko kule chini, mama. Weye hauangaliaka."

Nilitamani friji ya soda inimeze.

"Minazaliwa Likasi, kule Kongo," akasema, anafuta kisu. "Baba yangu alikuwa anapika mukate pale. Miaka sita unanunua, miaka sita unanitukana, na mimi minasikia tu."

"Mzee, nisamehe. Kwa nini hukusema?"

"Niseme, kisha uache? Hapa nani mwingine atanitukana na Kiswahili?"

Basi nikamwagia hadithi yote palepale, wateja nyuma yangu wanakohoa. Nikategemea ataniuliza babu alikuwa na sura gani. Akauliza: "Mama yako anaitwa nani?"

"Kaliopi."

"Iko mutoto ya kwanza ya ile bwana?"

"Tunavyojua, ndiyo."

Akaweka kisu chini. "Kwetu Ugiriki, kule kisiwani, mutoto mwanamuke ya kwanza anabeba jina ya mama ya baba. Acha kutafuta baba. Tafuta bibi! Kwenye karatasi za serikali wanaulizaka kila kitu, hata jina ya mama."

Aibu ikanipanda tena, maana binti yangu mwenyewe anaitwa Mwape. Na sisi tunafanya hivyohivyo! Tulidhani ni desturi yetu peke yetu, tukabeba ufunguo miaka sabini tukiona ni dawa ya kikohozi.

Nilimpelekea Mama habari hiyo pamoja na mkate, wa leo.

"Alinipa jina ya mama yake?"

"Inaonekana hivyo, Mama. Mtu hampi mtoto wa kutupa jina la mama yake."

Uso ukamfunguka kidogo, kisha akaufunga. "Jina peke haitoshi. Pale Luapula batu wanaandika majina ya mama zao kwenye mitumbwi, kisha wanaiacha ioze. Tafuta."

Tukatafuta. Jumatano tano, mimi na Mwalimu Monicah, faili moja baada ya jingine, macho kwenye mstari mmoja tu: jina la mama wa mwombaji. Tukakutana na kina Maria wa kumwaga, kina Eleni, kina Sofia. Jumapili ya shukrani ilikuwa inakaribia, na Ignace kila akinipita aliniuliza kama mizani imepatikana, ana kiazi anataka kupima.

Jumatano ya tano, faili la hamsini na moja, Monicah akanishika mkono akaubana mpaka nikaumia.

Mwombaji: Stratis Vrettos, mzaliwa wa kisiwa cha Ikaria. Kazi: mnunuzi wa samaki. Mahali alikotoka: Kasenga. Mama: Kaliopi.

Kwenye kona kulikuwa na picha ndogo imebanwa. Mtu mwembamba, tai imepinda, na kila upande wa kichwa sikio kama mpini wa sufuria. Nikajishika yangu.

"Soma mbele," nikamwambia Monicah. "Soma watoto."

Swali la kumi na moja: Watoto. Fomu ya mwaka 1952 ilijazwa kwa penseli. *Mmoja. Kaliopi, msichana, miaka minne, Kasenga. Nitamleta.*

Hapo ningeweza kufunga faili nikacheza katikati ya chumba. Lakini lilikuwa nene. Fomu ya pili, ya mwaka 1953, kwenye swali hilohilo karatasi ilikuwa imesuguliwa kwa kifutio mpaka ikawa nyembamba kama ngozi ya kitunguu. Juu ya mahali palipofutwa, kwa mwandiko wake uleule, wino mweusi uliokandamizwa: *Mmoja. Kaliopi, miaka mitano.* Nyuma yake barua ya mkuu wa ofisi, ambayo Monicah alinitafsiria polepole: mwombaji ameelezwa kwamba mama wa mtoto si Mzungu, na kwamba jibu la swali la kumi na moja ndilo linalozuia ombi lake. Ameshauriwa aache nafasi wazi. Amekataa.

Mwaka 1955: *Kaliopi, miaka saba.* Mwaka 1958: *Kaliopi, miaka kumi.* Mwaka 1963: *Kaliopi, miaka kumi na tano.* Kila mara kwa wino, na kila mara jibu la ofisi likawa lile lile: ukazi hapana, kibali cha muda, miezi sita. Karatasi ya mwisho ilikuwa ya hospitali, taarifa ya kifo chake, mwaka huohuo wa 1963, hapa Johannesburg.

Nikachomoa kibali changu kwenye sidiria, mahali kinapoishi, nikakiweka kando ya chake. Miezi sita na miezi sita. Tulikuwa wa foleni moja, mimi na babu, tumepishana tu miaka.

Monicah, mwalimu wa chuo kikuu, alikuwa analia kwa sauti. Mlinzi akaja mbio: "Eish, dada, machozi hapana, yanaharibu karatasi." Tukasogea pembeni tukalia mbali na serikali.

Nilimsomea Mama nakala zile jioni ya siku hiyo, jua bado liko dirishani. Nilisoma mpaka kumi na tano, akaninyooshea kiganja.

"Mwaka sitini na tatu? Nilikuwa na kumi na tano kweli?"

"Kweli, Mama."

"Basi alikuwa anahesabia." Vidole vyake vikahesabu juu ya goti: minne, mitano, saba, kumi. "Mimi kule ninakua, yeye huku anahesabia. Na walimwambia afute?"

"Mara nyingi. Wangempa ukazi."

"Akakataa."

"Akakataa."

Nikampa picha. Akaitazama, akaisogeza dirishani, halafu kicheko kikamtoka ambacho sijakisikia tangu tukiwa Lubumbashi. "Masikio! Miaka sabini ninalaumu batu ya Mwape bure!"

Jumapili ya shukrani nilimvalisha gauni la kitambaa cha madukani Fordsburg, bluu, mabega yamesimama. Kanisa lilijaa. Mzee Thanasis alikuja na mikate kumi, akaketi mstari wa mbele kama baba mkwe. Monicah alikaa karibu yake, leso tayari. Ignace akaita wazee mmoja mmoja, kalamu mkononi, daftari kubwa wazi. Alipofika kwa Mama akatabasamu lile tabasamu lake, na pale nyuma wenye utani wakaanza kujiandaa kucheka.

Mama alisimama kwa miguu yote miwili.

"Mimi ni Kaliopi. Binti ya Mwape wa Kasenga, na binti ya Stratis Vrettos wa Ikaria, aliyeitwa Bwana Mizani. Baba yangu aliulizwa mara tano na serikali kama iko na mutoto. Mara tano alisema iko naye, jina yake Kaliopi. Walimuomba anifute, apewe inchi. Alikataa inchi."

Hakuna aliyecheka. Kisha mwanamke mmoja akapasua kigelegele, na kanisa zima likaitika mpaka madirisha yakalia. Mzee Thanasis alipiga meza ya mikate kwa ngumi zote mbili.

Ignace alikuwa amesimama, mdomo wazi, kalamu hewani. "Mama Kaliopi... nisamehe dada yangu. Nilikuwa nimejaza pale mbele, binti ya Mizani, ya kuchekesha tu. Ngoja nifute."

Mama akaenda mpaka kwenye daftari, akainama, akasoma.

"Mizani usifute, ni yake pia," akasema. "Ongeza ile ingine. Na hii ni nini unashika, penseli?"

"Penseli, ndiyo."

"Weka chini. Angélique, mupe kalamu ya wino."

Nikampa. Akaandika, na Mama akasimama juu yake, mkono kiunoni, mpaka alipomaliza herufi ya mwisho na wino ukakauka.