Simu Nne Ndani ya Gari

Nerima alifika ukumbini mapema, akaketi mbele, mkoba magotini. Kamati ya Bunge ilikuwa Nakuru kusikiza maoni ya wananchi kuhusu sheria za akili mnemba katika umeme, naye alikuwa na ombi moja tu: mtambo usirudishe stima kwenye laini kabla ya kila fundi aliyepanda nguzo kuitwa kwa jina na kujibu.

Mumewe, Masinde, alifia juu ya nguzo kule Dundori mwezi wa nne. Zamani msimamizi alikuwa akipigia ofisi simu, anataja mafundi wake mmoja mmoja, na kila mmoja anaitika akiwa amekanyaga ardhi. Kisha kampuni ikaleta mtambo unaojiamulia. Uliangalia simu za mafundi ziko wapi. Zikionekana zote garini, ulichukulia kuwa watu wameshuka, ukawasha. Ripoti ya uchunguzi ilisema Masinde alivunja kanuni kwa kuacha simu yake garini. Nerima alikuwa ameisoma hadi karatasi ikalegea mikunjoni.

Mhandisi wa kampuni, dada aitwaye Sue, alizungumza kwanza, kwa upole. Alisema giza la masaa sita sasa linakwisha kwa dakika kumi. Wakulima wa Molo hawamwagi tena maziwa, na mgonjwa anayepumua kwa mashine hana muda wa kungoja majina yasomwe. Nerima hakuona uongo ndani yake, na hilo lilimuuma zaidi.

Zamu yake ilipofika, alieleza ombi lake. Mwenyekiti, mzee Kibii, akamwuliza kwa heshima: fundi akibeba simu yake ilivyoagizwa, si shida imekwisha?

Masinde hakuwahi kumsimulia mambo ya juu ya nguzo. Akageuka nyuma. Karibu na mlango aliketi Kihara, msimamizi wa mumewe, ambaye hakuwa amekanyaga kwake tangu mazishi.

"Baba Natalie," akamwita kwa jina la mtoto wake. "Wewe ulikuwa hapo. Waambie."

Kihara alimtazama Sue, kisha akainuka taratibu.

"Hakuna fundi anapanda na simu. Hata mmoja. Ikilia ukiwa juu unashtuka, mkono unaachilia nguzo. Mimi ndiye huzikusanya kwa helmeti, naziweka kwa kiti cha gari. Siku hiyo zilikuwa nne. Ya Masinde niliipokea na mkono wangu."

Kibii akataka kujua mbona hakusema wakati wa uchunguzi.

"Niliogopa kufutwa, mzee. Hata sasa naogopa."

Sue aliuliza kama vikosi vyote hufanya hivyo. Kihara akasema ndiyo. Hata asubuhi hiyo watatu walikuwa juu kule Kihoto, na simu zao zilikuwa garini.

Sue alitoka bila kuomba ruhusa. Alirudi na simu mkononi, uso umemwisha rangi.

"Tumeuzima mtambo upande wa Kihoto," akasema. "Dereva wao amewaita, wameshuka. Wa mwisho alikuwa bado ameshika waya."

Kibii alipiga mstari wa kufuta kifungu cha kumi na nne cha rasimu ya sheria, kilichoruhusu mtambo ujiamulie kuwasha, akamwomba Nerima aseme upya anachotaka kiandikwe. Nerima alimfikiria mke wa huyo wa mwisho, pengine anaanika nguo wakati huo, hajui lolote. Kisha akaanza kusema, polepole, ili karani asipitwe na neno.