Kiganja cha Aliko

Gogo lililia mchana, jua likiwa kali kabisa. Pa! Tusekile akaacha kupepeta mpunga. "Abee, Aliko," akaitika, kama vile mumewe kamwita kutoka uani.

Gogo hilo lilikuwa mti wa mvule uliolazwa kivulini chini ya kibanda cha nyasi, juu ya vigogo vidogo usiguse ardhi, ukauke polepole. Ungekuwa nguzo ya kati ya nyumba aliyoianza Aliko, ya miti na udongo kama za babu zake. Ncha zake alizikandika mwenyewe udongo wa mfinyanzi kutoka Ikombe, uliochanganywa na mavi ya ng'ombe, maana gogo hukauka upesi nchani, na hapo ndipo linapoanza kupasuka. Alipomaliza akabandika kiganja kwenye udongo mbichi, akacheka. Wiki ile ile homa ikamchukua.

Sasa udongo ulikuwa unabanduka. Anyelwisye, mdogo wa marehemu na fundi wa nyumba ile, alikuja na ndoo ya udongo mpya. Tusekile akasimama mbele ya kile kiganja.

"Shemeji, unataka kumzika mara ya pili?"

"Mti ukipasuka, paa litasimama juu ya nini? Usipoziba ufa..."

"Nitajenga ukuta, najua! Ananiita humo ndani. Ukimfunika ataniitaje?"

Ukibishana na mjane, hata ukishinda umeshindwa. Anyelwisye aliiacha ndoo, akaenda zake.

Pa! Safari hii Tusekile alikuwa amepiga magoti pale pale, na aliona. Ufa mwembamba ulipita katikati ya kiganja, na kipande cha udongo chenye alama ya vidole viwili kikamwangukia mapajani. Siku zote alikuwa akiitika, kumbe kinachoita ni kupasuka. Akalia kwa sauti. Alimtaka Aliko, na Aliko alikuwa ameitaka nyumba.

Akachovya mikono ndooni. Alianza kukandika pembeni, kiganja akakiacha mwisho. "Ndaga, Aliko," akashukuru, akakifunika.

Misimu ilipita, mti ukakauka. Anyelwisye alipunguza ncha ile kidogo, ufa ukaondoka na udongo wake, nyumba ikasimama. Wageni kutoka Njisi huigonga nguzo na kushangaa uzima wake.

Wakiondoka, jua likiwa kali kabisa, Tusekile huweka sikio kwenye mti. Umenyamaza.

"Abee," huitika hivyo hivyo.